Seva ya zamani ya ofisi imekuwa nzito: ramu ya ECC, ramu ya bei rahisi, SSD, ama mashine nyingine?

Ofisi za kliaringi za hapa Mombasa, maduka ya jumla, shule na kliniki ndogo ndogo, nyingi zina seva moja tu iko chini ya meza ama imefungiwa stoo, Dell ama HP ya miaka ya 2011 mpaka 2014, na hio moja ndio imebeba kila kitu, hesabu, skani za stakabadhi za mizigo, programu ya stoki, printa, yote. Ikianza kuwa nzito kila mtu anasema ongeza ramu. Pengine ni kweli, lakini nshaona ofisi zikitoa pesa kwa ramu ambayo seva haikuihitaji, na nyingine zikinunua ramu ambayo seva haiwezi hata kuwaka nayo, na inauma manake maswali mawili matatu kabla ya kununua yangeokoa hizo pesa.

Nitachukua mashine mbili za mfano. Ya kwanza ni Dell PowerEdge T110 II yenye prosesa ya Intel Xeon E3-1220 v2 na ramu 8GB, yaani mbili za 4GB. Hii ina sloti nne na mwisho wake ni 32GB. Ya pili ni ile HP ProLiant MicroServer Gen8, kasanduku kadogo kenye diski nne mbele, hii ina sloti mbili tu na mwisho wake ni 16GB. Zote mbili zinatumia ramu ya aina ya DDR3. Kama yako ni HP ML310e Gen8 ama Dell T20, mengi ya hapa yanakuhusu pia, sloti nne na mwisho 32GB. Kuwa makini na jina lakini, PowerEdge T110 bila ile II ni mashine nyingine kabisa, inatumia Xeon za X3400 na mwisho wake ni 16GB, ukiibebea fimbo za 8GB, yaani vile vipande vya ramu, umepoteza safari.

Kwanza jua kama ni ramu kweli

Hapa ndio watu wanaruka na hapa ndio pesa inapotea. Fungua Task Manager saa ambayo kazi imepamba moto, tuseme saa nne asubuhi entri zikiwa zinaingia na kila mtu yuko kwa mashine yake, usiangalie jioni watu washaenda nyumbani. Angalia ile Committed, yaani kumbukumbu yote ambayo programu zimeahidiwa. Kama imepita ramu uliyonayo, mfano una 8GB na Committed inasoma 11GB, halafu kwa Resource Monitor ule mstari wa Hard Faults unaruka ruka muda wote na taa ya diski haizimi, basi seva inahamisha kumbukumbu kwenda kwa diski na kurudi, na ramu itasaidia sana. Kwa Linux andika free -h na usome safu ya available, ile ya free iache, itakutisha bure kwa sababu Linux hutumia ramu yote iliyo wazi kama keshi ya mafaili. Halafu vmstat 1, ukiona si na so zina namba muda wote ujue hali ni mbaya.

Kama Committed iko 5GB kati ya 8GB na bado seva ni nzito, tatizo liko kwengine. Na kwengine hapo mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili, diski ama programu yenyewe ina kikomo.

Hili la kikomo nataka kulikalia kidogo. Programu nyingi za hesabu na stoki zinazouzwa hapa zinakaa juu ya SQL Server Express, programu ya Microsoft ya kuweka data, kwa sababu ni ya bure. Express haikubali kutumia ramu yote uliyonayo, ile sehemu inayoweka data kwa kumbukumbu ina mwisho wa 1GB mpaka toleo la 2014, na 1410MB kuanzia toleo la 2016, na kila hifadhidata mwisho 10GB kuanzia toleo la 2008 R2 mpaka la 2022, toleo la 2025 ndio limefika 50GB. Sasa wewe ukitoka 8GB ukaenda 32GB kwa ajili ya hio programu, Express itaendelea kutumia kale kasehemu kake na kilichobaki itakwenda kusoma kwa diski kama jana. Ni kama kupanua maegesho ya magari pale Likoni na feri ni ile ile. Kwa hivyo muulize aliyewauzia programu, ni Express ama ni toleo la kulipia? Likiwa la kulipia mambo yanageuka, lenyewe bila kuwekewa mpaka litachukua ramu karibu yote, na hapo ramu zaidi ni faida ya moja kwa moja ila umwambie fundi aweke hio max server memory, yaani mpaka wa ramu ya SQL, ndio Windows nayo ipate ya kupumulia.

Kuna na kikomo cha Windows. Windows Server 2008 R2 Foundation, ambayo ilikuja na seva nyingi za bei ya chini, mwisho wake ni 8GB, ukiweka 16GB nusu inalala. Standard ya 2008 R2 ni 32GB, Foundation ya 2012 ni 32GB. Na kama kuna mtu aliwahi kuweka Windows ya biti 32 humo, hio mara nyingi itakwama kwa 4GB hapo hapo.

Ramu ya E, ya U na ya R

Tuseme umepima na ni ramu kweli. Sasa uko dukani, na kwa lebo ya kila fimbo kuna herufi mwishoni, PC3L-12800E, PC3-12800U, PC3L-12800R, na hio herufi moja ndio inaamua kila kitu.

E ni ECC isiyo na rejista, na ndio hii T110 II na MicroServer Gen8 zinataka. Kila data ya biti 64 inabeba biti 8 za ukaguzi, jumla 72, ikitokea biti moja imegeuka inasahihishwa papo hapo bila mtu kujua, zikigeuka mbili inagunduliwa na mashine inapiga kelele badala ya kuandika upuuzi kimya kimya kwenye hesabu zako. Kwa seva inayokaa imewaka miezi na miezi, tena kwa joto letu hili la Februari, mimi sioni sababu ya kuacha hii.

U ni ya kompyuta ya kawaida, ya mezani. Ni rahisi kuipata, kila duka iko. Kitabu cha T110 II kinataka ECC, kwa hivyo hata mashine ikikubali kuwaka na hio ya U utakuwa umeondoa ulinzi uliokuja na seva, na kwa bodi zinazokubali kuchanganya E na U ulinzi unazimika kwa fimbo zote, hata zile za E ulizokuwa nazo. Kwa mashine ya kucheza gemu sawa. Kwa mashine inayobeba madeni ya wateja sikushauri.

R ndio mtego mkubwa. Hii ina ECC pia lakini ina chipu nyingine ya rejista katikati ya fimbo, inayopunguzia prosesa mzigo ndio uweze kujaza fimbo nyingi. Ni ya seva kubwa za Xeon E5, kama HP ML350p Gen8 yenye sloti 24. Xeon za E3 hazijui kuongea na hio rejista, ukiichomeka mashine haiwaki, skrini nyeusi na milio basi. Na kwa nini watu wanauziwa? Kwa sababu vituo vikubwa vya data vikibadilisha seva vinatupa fimbo za R kwa maelfu, kwa hivyo ziko tele na bei ni ya kutupa, wakati zile za E zilitengenezwa chache tangu mwanzo na ukizipata ni ghali zaidi kwa ukubwa ule ule. Muuzaji atakwambia "hii ni ya seva na ina ECC", na hajakudanganya, ila ni ya seva nyingine. Bei ikiwa tamu sana kupita kiasi geuza lebo usome herufi ya mwisho.

Kitu kingine cha kuangalia kwa macho ni chipu zenyewe. Fimbo ya 8GB ya E inayofaa hizi mashine imeandikwa 2Rx8, yaani chipu 18, tisa upande huu na tisa upande ule. Ukihesabu 16, nane na nane, hio ni ya U hata kama lebo imebandikwa vingine. Na ukikuta ya 8GB imeandikwa 1Rx8, chipu tisa upande mmoja tu, iache, ina chipu nene za gigabiti 8 ambazo E3 za kizazi hiki hazizisomi. DDR4 wala usijisumbue, ina pini 288 na DDR3 ina 240, haiingii.

Spidi isikutoe jasho. E3 za v1 zinaishia 1333, za v2 zinafika 1600, ukiweka fimbo ya 1600 kwa ile ya v1 itashuka yenyewe na utofauti mhasibu wako hatauona.

Kuongeza mbili za 4GB, kuweka mbili za 8GB, ama kujaza 32GB

Kwa T110 II yenye 8GB una njia tatu. Ukiongeza mbili nyingine za 4GB unapata 16GB kwa pesa kidogo kabisa, hutoi kitu, lakini sloti zote nne zimejaa na siku ukitaka zaidi itabidi utoe. Ukinunua mbili za 8GB ukaziweka pamoja na zile za zamani unapata 24GB, na bado mashine inafanya kazi kwa chaneli mbili, zile njia za ramu kwenda kwa prosesa, maadamu kila chaneli ina 8GB moja na 4GB moja. Nne za 8GB ni 32GB na hapo ndio mwisho wa safari.

Mimi kwa ofisi ya watu kumi hivi yenye mafaili na programu moja ya hesabu naenda na hio ya kati, 24GB, ama naweka mbili za 8GB peke yake na zile za 4GB naziweka kwa droo kama akiba ya siku moja ikifa. Kile kilichobaki Windows haikitupi, inakitumia kukumbuka mafaili yaliyofunguliwa karibuni, kwa hivyo ile skani ya bili ya shehena ambayo watu watano wanaifungua asubuhi moja inatoka kwa ramu na diski inapumzika. 32GB nashauri tu kama unaendesha mashine pepe (virtual machine) mbili tatu humo ndani, ama ile SQL ya kulipia, ama bado mko na Small Business Server 2011 Standard yenye Exchange, ile ya barua pepe, ndani, hio Exchange imeundwa kula kila ramu inayoiona.

Kwa MicroServer Gen8 hakuna hesabu. Sloti mbili, toa zilizomo, weka mbili za 8GB, umemaliza, na hutarudi tena hapo. Ukinunua moja ya 8GB ukaichanganya na ile ya 2GB iliyokuja nayo umejinyima mwenyewe.

Ramu dhidi ya SSD

Hapa nakuwa mkali kidogo. Kama seva yako bado inaendesha Windows na hifadhidata juu ya diski ya kuzunguka ya 7200, na kile kipimo cha Committed hakijapita ramu, weka pesa kwa SSD kwanza. Diski ya kuzunguka inaweza kuruka huku na huku kusoma vipande vidogo kama mara mia kwa sekunde, SSD ya kawaida inafanya hivyo makumi ya maelfu. Ripoti ya mwisho wa mwezi iliyokuwa inakwama, hio ndio itakayoona tofauti, na mwenye Express ndio kabisa.

T110 II ina chipseti ya C202 ambayo SATA yake, ile njia ya kuunganisha diski, ni ya gigabiti 3 kwa sekunde tu, kwa hivyo usinunue SSD ya bei kubwa kwa sababu ya namba ya spidi iliyoandikwa kwa boksi, hutaifikia, lakini faida ya kuruka ruka utaipata. MicroServer Gen8 nafasi za diski namba 1 na 2 ni gigabiti 6, namba 3 na 4 ni gigabiti 3, SSD weka 1 ama 2. Na kwa vile stima yetu inakatika ikijisikia, yupiesi nzima yenye betri hai ni lazima, ramu kubwa na SSD zote mbili zinashikilia data ambayo haijaandikwa bado, na umeme ukikatika ghafla hio data haipo tena.

Ukiwa na pesa ya kimoja tu na vipimo viko katikati, Committed imegusa gusa ramu yote na diski pia ni ya kuzunguka, mimi nachagua SSD na ramu nasubiri mwezi ujao. Seva yenye SSD ikikosa ramu inahamishia kwa kitu chepesi, watu wanaendelea na kazi. Seva yenye ramu tele na diski mzee bado ukiiwasha upya asubuhi unakunywa chai na mahamri mpaka unamaliza kabla haijakubali kuingia.

Ama ununue nyingine

Windows Server 2012 R2 iliacha kupewa apdeti za usalama za kawaida tarehe 10 Oktoba 2023, na hata zile za kulipia zina mwisho wa Oktoba 2026. Ofisi inayoshika nakala za vitambulisho na namba za simu za wateja iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo hili ni jambo la kuwekwa mezani pamoja na mwenye kampuni. Kama mashine yako imekwama kwa Windows hio na programu yenu inahitaji mpya, kumwaga pesa ya 32GB hapo ni kuchelewesha tu. Ex-UK kama Dell T130 ama HP ML30 Gen9 zinatumia DDR4 na zinafika 64GB, na ramu ya DDR3 uliyonunua juzi haihami nayo.

Kwa upande mwingine, tangu mwisho wa 2025 bei ya ramu mpya imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwa seva za AI, kwa hivyo mashine nyingine utakayonunua hakikisha inakuja na ramu yake ya kutosha ndani, usiinunue ikiwa na 8GB ukisema utaongeza baadaye. Ukiwa na mashine inayofanya kazi vizuri, iko na SSD, na mna mpango wa kuhamia nyingine mwaka ujao, fimbo mbili za E za mtumba ndio matumizi ya busara kabisa ya kukuvusha.

Kununua hapa ama kuagiza

Duka la hapa mjini bei yake yaweza kuwa juu kidogo kuliko ya Luthuli Avenue Nairobi ikiletwa na basi la usiku. Lakini hapa unaweza kubeba seva yenyewe mpaka kwa kaunta, ikachomekwa, ukaona ikiwaka na ikisoma ukubwa kamili kabla hujalipa. Kwa ramu ya mtumba ya E ambayo ni rahisi kuchanganywa na nyingine, mimi nalipa hio tofauti bila kunung'unika. Ukiagiza, omba picha ya lebo ya fimbo ile ile utakayoletewa, pande zote mbili, uhesabu chipu, na risiti iandikwe namba ya fimbo na siku za kurudisha.

Kabla ya kununua jua ulichonacho ndani bila kufungua: kwa Windows andika wmic memorychip get capacity,partnumber,speed, kwa Linux ni dmidecode -t memory. HP Gen8, iLO, ule ukurasa wa kusimamia seva kwa mtandao, inakuonyesha kila sloti ina nini.

Siku ya kuweka, bakapu kwanza, na iwe imejaribiwa kufunguka. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa umalize umeme uliobaki. Kwa T110 II zile sloti zenye vishikio vyeupe ndio za kwanza kujazwa, moja ya kila chaneli. Ukitoa fimbo ya zamani utaona meno yake yamefifia, pengine yana madoa ya kijani ama kahawia, huu ni upepo wa chumvi wa hapa hasa ofisi zilizo karibu na maji zinazofungua madirisha. Usiyasugue kwa raba kama mafundi wengi wanavyofanya, raba inakwangua ule mpako mwembamba wa dhahabu na ukishatoka kutu inarudi haraka zaidi, tumia spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Vumbi la ndani ya sloti lipulize kwa hewa, halafu ndio usukume fimbo mpaka vishikio vijifunge vyenyewe pande zote.

Ikiwaka Dell itakwambia ukubwa wa kumbukumbu umebadilika, kubali uendelee, halafu usiirudishe kazini. Iwashie Memtest86+ kutoka kwa flashi na uiache usiku kucha, anza Ijumaa jioni ndio uwe na wikendi ya kurudisha fimbo kama kuna mstari mwekundu. Hata mmoja ukiuona rudisha. Wiki za mwanzo ingia iLO ama kwa Dell kwenye OpenManage, programu yao ya kusimamia seva, usome kumbukumbu za matukio, kosa moja lililosahihishwa si neno, lakini yakirudi rudi kwa sloti ile ile hamisha fimbo kwenda sloti nyingine, kosa likiifuata fimbo ni ya muuzaji, likibaki pale pale ni bodi na hio ramu mpya uihifadhi usije ukailaumu bure.